Nipe Mji

Kitendawili.
Tega.

Walinilipa pauni mia moja na themanini
niketi ndani ya kabati lililotandikwa blanketi kuta zote,
orofa ya tatu, kiwanda cha zamani cha magunia, Dundee,
nisome maneno wasiyoyajua wao wenyewe.
"Isikike kama mtu aliyepotea," akasema Struan wa masoko,
soksi moja njano, nyingine kijani.
"Lugha yoyote. Mradi wasiing'amue upesi."
Nikasema, lugha yoyote ina mwenyewe.
Akacheka, akabonyeza kitufe.

Basi nikasoma. Nikajisahau, nikatia na yangu:
Mwanangu, mlango haujafungwa.
Hesabu nguzo zilizobaki majini.
Ukifika ya mwisho, geuka.

Novemba ikaja na stika
vituoni mwa basi, vyooni mwa baa, mgongoni mwa mashine za maegesho:
jicho lisilo kope, chini yake nambari ya simu.
Jina la mchezo hakuna. Bei hakuna.
Biashara imejifunika shuka, inacheza mzimu.

Watu wakapiga.
Wakaichukua sauti yangu wakairudisha nyuma,
wakaipunguza kasi, wakaihesabu silabi.
Mmoja akaapa kwamba "haujafungwa" ni jina la sayari.
Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kung'oa masikio,
watu arobaini na wawili ukingoni mwa Tay,
tochi mkononi, chai kwenye chupa,
wakihesabu visiki vya daraja lililoanguka enzi za treni za moshi,
wakizozana kama kile kilichozama nusu
nacho kinahesabika.
Nilikuwepo, kofia hadi machoni.
Binti mwenye baiskeli akaniuliza: "Wewe umefasiri mpaka wapi?"
Nikamjibu: bado nipo neno la kwanza.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kusikiliza
walichoacha baada ya mlio.
Pumzi. Mtu anasoma tarakimu. Mlevi na wimbo wa mpira.
Kisha, kila Alhamisi, saa nne usiku na ushei,
kikohozi kwanza, ndipo maneno:

"Dada, mimi Nyamvula, niko Arbroath.
Stika yenu niliikuta kwenye basi, nikitoka zamu.
Mafumbo siyajui, na huo mlango siutafuti.
Napiga nisikie hilo neno mwanangu.
Huku dukani wananiita kuku, eti ndiyo mapenzi.
Mara ya mwisho kuitwa mwana wa mtu
nilikuwa na meno yote."

Nikampelekea Struan. Akaandika ubaoni:
Wapigaji wanaorudia. Safi sana!

Jumanne jicho likafumbuka kwenye skrini kubwa mjini:
jina, bei, tarehe ya kutoka.
Walioganda ukingoni wakapewa fulana.
Nambari ingekatwa Ijumaa.

Jumatano, wenzangu wameenda kunywa,
nikarudi kabatini. Nikafuta nguzo, nikafuta mlango.
Nikasoma nambari yangu mimi, ya mfukoni,
polepole, kama ninayemsomea mtu asiye na miwani,
na mwisho wake lile neno.

Ole wangu. Alhamisi simu haikupoa.
Wale wa fulana! Wakidai hatua ya pili,
wakiuliza sayari iko wapi, niko upande gani.
Hakuna fumbo, nikawaambia, mchezo umekwisha.
Wakanishukuru kwa dokezo.

Saa nne na ushei, kikohozi.
Sikusema kitu. Naye hakusema.
Nikasikia birika lake likichemka, Arbroath,
likazimwa.

"Kitendawili," akasema.
Tega, nikasema, na koo limenikauka.
Akatega. Kilikuwa chepesi, cha watoto wa darasa la pili,
nami mwenye kulipwa kwa mafumbo
sikukiona.
"Umeshindwa. Nipe mji."

Nikachungulia dirishani, nikampa wa karibu:
Dundee yote, na taa zake, na kiwanda,
na visiki majini, hata kile cha ugomvi.

Akaupokea. Akavuta kiti.
"Haya. Basi nilipofika Dundee..."